Neno la Mlangoni

Baba aliniambia neno mlangoni, nami sikulisikia.

Ilikuwa siku ya harusi yangu. Tumesimama nje ya mlango wa ukumbi, mimi na yeye, mkono wangu kwenye kiwiko chake, tunasubiri tufunguliwe tuingie. Shela linaniwasha shingoni, viatu vinanibana, na huko ndani wapiga muziki wanajaribu vyombo vyao kwa kelele za kuamsha wafu. Baba akainama, akaniambia kitu sikioni. Nikacheka, nikaitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba sikushika hata nusu yake. Nilijiambia nitamuuliza baadaye, maana baba nilikuwa naye siku zote, angeenda wapi?

Akaenda. Moyo ulimsimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu, hata mwezi haujaisha tangu anikabidhi kwa mume. Watu wakanipa pole za kila aina, wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa, nami nikaitikia hivyo hivyo. Lakini kila nilipofumba macho sikuliona jeneza. Nilikiona kichwa changu mwenyewe kikiitikia juu chini kama cha mjusi, ndiyo baba, ndiyo baba, na neno lake likipotea hewani.

Huko ndani ya ukumbi watu walipiga video kwa simu zao mpaka mikono ikachoka. Nje ya mlango tulikuwa watatu tu: mimi, baba, na dada wa kamera. Na kamera ya huyo dada ndiyo iliyoleta balaa. Siku chache baada ya harusi alikuja nyumbani amejiinamia, akasema kadi imekufa. Ukiichomeka, kompyuta inaikana kama haijawahi kuiona. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyemtafuta, alimtolea maneno nisiyoweza kuyarudia. Wifi zangu wakasema kafanya makusudi, ana kijicho cha mwanamke aliyechelewa kuolewa. Mume wangu peke yake hakusema kitu. Alisimama dirishani akitazama nje mpaka dada wa watu akaondoka. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Nikasema moyoni, nimepata mwanaume asiyemwonea mtu.

Msiba ulipokwisha nikampigia dada wa kamera mwenyewe. Nikamwambia keki sitaki, dansi sitaki, wala sihitaji kuona nilivyolishana na mtu. Nataka pale mlangoni tu, baba akiniinamia. Akasema yupo mama mmoja anayefufua kadi, na huyo akishindwa basi nisitafute tena. Tukampelekea. Baada ya siku kadhaa mama huyo akatuita tuje mchana, tena tuje wote wawili.

Asubuhi ya siku hiyo nilimweleza mume wangu. Yeye ni mpimaji wa ardhi, hutoka nyumbani na vigingi vyake na kurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia leo huenda nikamsikia baba. Akaniwekea mkono begani, akasema atatoroka kazini mapema anikute huko, na yeye anataka kumsikia mzee. Sikumwambia kwamba dada wa kamera naye atakuwepo. Sikuona sababu.

Niseme kitu kuhusu mume wangu, msije mkamhukumu kabla ya wakati. Siku baba alipokufa, wengine wote walinibembeleza kwa maneno. Yeye hakuwa na maneno. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, mrefu vile, magoti yamemfika kidevuni, ameshika mguu wangu mpaka kukakucha. Huyo ndiye niliyemwoa, au niseme ndiye aliyenioa, ingawa kwa kweli aliyenioa ni mama yake. Mama mkwe alikuja kununua dawa za presha pale dukani ninapofanya kazi, akapenda ninavyozungumza na wazee, akarudi mara ya pili bila cheti cha daktari, na mara ya tatu akarudi na mwanawe. Aliwahi kuniambia, tukichambua mboga, kwamba Mungu alimwepusha mwanawe na mwanamke mmoja wa kuzurura kwenye sherehe za watu hadi usiku wa manane. Mimi nikacheka. Nani hana ya zamani? Nilichojua ni kwamba mume wangu akiniangalia moyo wangu unaruka, na akiangalia pembeni naona jua limezama. Na alikuwa akiangalia pembeni mara nyingi. Nikadhani ni uchovu wa kazi.

Basi tukafika kwa huyo mama wa kadi, Mama Pacha. Pacha wenyewe walishaota ndevu na kuhama, lakini jina lilibaki. Duka lake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, meza moja, taa ya shingo ndefu, na ukutani simu zisizo na vioo zimepangwa kama vyungu. Tukamwamkia. Akaitikia bila kunyanyua macho, akatuonyesha kadi yetu kwa kibano. Alikuwa ameikwangua rangi ya mgongoni, na kwenye vitobo vyake amechomelea nyaya nyembamba kama nywele za mtoto mchanga.

"Haikufa hii," alisema. "Ilizimia. Mliichomoa, kamera ikiwa bado inarekodi."

Dada wa kamera alikataa kata kata. Alisema ana miaka mingi kwenye kazi hii na hajawahi kuchomoa kadi kabla ya kuzima, siku ile alikuwa ameizima kabisa, angeweza kuapa. Mama Pacha akamwambia asimwapie yeye, aiapie kadi. Kisha akageuza kompyuta kutuelekea. Video zimerudi, akasema, ila zimerudi bila majina, zina namba tu, kwa hiyo itabidi tuzifungue moja moja. Akafungua droo, akatoa vispika vya masikioni, vile vya waya mmoja unaogawanyika mara mbili.

"Wanangu, humu ndani mimi nafufua, sisikilizi. Vitu vya watu vina mambo yake. Vaeni hivi."

Jozi ilikuwa moja. Dada wa kamera akavaa sikio la kushoto, mimi la kulia, tukasogeza viti mpaka mabega yakagusana. Mama Pacha akatupa mgongo, akaanza kupanga misumari yake midogo ya skrubu kwenye vibakuli.

Ndipo nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Siku ya harusi nilimwona kama mtu anavyomwona mpiga picha, yaani sikumwona. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amefunga nywele kwa nyuma bila mapambo, na ana macho ya mtu aliyezoea kuangalia furaha za wengine. Alinipa pole ya baba. Akasema baba ndiye mtu pekee siku ile aliyemuuliza kama amekula.

Tukafungua video ya kwanza. Ilikuwa lami ya kuegeshea magari, inayumba yumba, pamoja na sauti za milango ya magari. Ya pili, vigae vya sakafu na ncha za viatu vya watu. Ya tatu, chini ya meza. Hakuna bwana harusi, hakuna bibi harusi. Nilianza kumwona dada akikunja uso, halafu akaleta mkono mdomoni.

"Nilibonyeza kinyume," alisema polepole.

Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili chepesi. Akanieleza. Kitufe cha kuanza kurekodi na cha kusimamisha ni hicho hicho kimoja. Ukikosea mara moja tu, ukabonyeza ukidhani unaianzisha kumbe ilikuwa inakwenda, basi umeisimamisha. Kutoka hapo kila kitu kinapinduka. Kila unapoinua kamera upige, unaizima. Kila unapoishusha upumzike, unaiwasha. Siku nzima inarekodi sakafu, na mambo yenyewe inayakosa. Nikamuuliza kwani haina taa. Akasema ina taa nyekundu, ila wao huibandika plasta, maana watu wakiiona wanaanza kujinyoosha na kujipanga na video inakuwa ya uongo. Na kwenye kioo? Kwenye kioo kuna alama, akasema.

"Sasa hukuiona?"

"Siku ile sikuwa naona vizuri."

Nikamuuliza alikuwa anaumwa. Akageuza uso kwenye kompyuta. Nami nilikuwa na haraka ya mambo yangu, sikumchimba. Nilichokuwa nahesabu kichwani ni mlango. Kama kamera ilikuwa inarekodi ikiwa imeshushwa, basi alipokuwa amesimama karibu yetu nje ya ukumbi, kamera ikining'inia begani, akisubiri mlango ufunguliwe, ilikuwa inarekodi. Aliinua na kubonyeza pale mlango ulipofunguka. Maana yake baba yumo. Kosa lake ndilo lililomhifadhi baba. Nilitaka kumkumbatia.

Video ndefu ilikuwa moja tu iliyobaki. Nilipopeleka mkono kuifungua, dada aliushika.

"Ngoja," alisema. "Niachie niitafute mimi, nikukatie kile kipande cha baba. Hii itakuwa imeanzia mbali."

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikamwambia, dada yangu, nimeshasubiri vya kutosha, nitaiangalia hata kama baba yuko mbali. Nikabonyeza.

Ilianza na vigae vya korido, cheusi na cheupe. Viatu vyake vya kazi, vya raba. Kisha vikaja viatu vya kiume vya ngozi ya kahawia, vikasimama mbele ya vile vya raba, karibu sana. Nilivijua kabla sauti haijatoka. Nilivichagua mimi, nikavilipia mimi, nikamwambia mvaaji avitembelee nyumbani visije vikamwuma siku ya siku.

"Kwa nini ulikubali kazi hii?" Sauti ya mume wangu.

"Nilipigiwa simu na shangazi wa bibi harusi. Nimejua ni wewe nilipokuona unashuka kwenye gari." Sauti ya huyu aliyekaa bega kwa bega nami. "Nenda, Kimya. Watakutafuta."

Kimya. Kumbe alikuwa na jina. Mimi nilikuwa namwita mume wangu, kama watu wote wanavyowaita waume zao.

"Niambie neno moja," akasema. "Moja tu. Nalivua hili koti sasa hivi, tunatoka kwa mlango wa nyuma."

Kabla dada hajajibu nilisikia kitu kikilia kidogo, chuma kwa chuma, halafu kikaacha, kama mtu amekibana kwa kiganja. Zilikuwa funguo. Baba alikuwa mtunza stoo wa shule maisha yake yote, na shada la funguo halikumtoka kiunoni hata siku ile. Mama alimgombeza asubuhi yake, kwamba anaharibu suti kwa machuma, na baba akamjibu kwamba bila funguo anajiona yuko uchi. Kumbe baba alikuwa amesimama pale kwenye kona ya korido. Alikuwa anasikia.

"Mama yako alisema siwezi kukanyaga nyumbani kwake, wewe ukanyamaza," dada alikuwa anasema kwenye video, na sauti inamkatika. "Leo unataka mimi ndiye nizungumze? Yule mwenzio amekosa nini? Nenda ukaoe."

"Nitakwenda. Nitamtunza, sitamkosea kitu. Lakini jua nimekwenda mwili tu."

Nikabonyeza, ikasimama.

Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Nakumbuka Mama Pacha aliangusha msumari mmoja, akainama kuuokota, hakugeuka. Nakumbuka waya bado ulikuwa masikioni mwetu, mimi huku na yeye kule, na kwamba nilitaka kuuvuta ukatike lakini humo ndimo alimokuwa baba. Nilikuwa nimekuja kumzika baba yangu vizuri. Nikakutana na maiti nyingine.

Dada alikuwa analia bila sauti. Alisema hakuwahi kumtafuta mume wangu tena, wala mume wangu hajamtafuta yeye. Alisema alilia siku nzima nyuma ya kamera, ndiyo sababu kioo hakukiona. Alisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba kitu, "Nilimwambia aende kwa ajili yako. Hata sikujui, nilifanya kwa ajili yako."

"Ungenisaidia zaidi kama ungemwambia abaki nawe."

Sikulisema kwa ukali. Nililisema kwa sababu ndilo lililokuwepo. Yeye akainamisha kichwa, akakubali.

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Mlango wa Mama Pacha ni mfupi, na mume wangu ilibidi ajikunje kuingia, kwa hiyo aliniona mimi kwanza, chini chini, akatabasamu. Lile tabasamu lake la upande mmoja. Siku nyingine lingenimaliza.

"Nimewahi?" aliuliza. "Mmeshampata mzee?"

Kisha akanyooka, akamwona aliyekaa karibu yangu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukisawajika vile. Macho yao yalikutana mara moja tu, tena kwa kuibia, na yakakimbiana. Lakini mke aliyekaa katikati ya macho mawili yanayokimbiana hahitaji kuelezwa zaidi. Miezi yote hiyo nilikuwa natafuta mtazamo ule kwenye uso wa mume wangu, mezani, kitandani, mlangoni anaporudi kazini, na kumbe alikuwa nao mzima, ameuweka akiba.

"Tumempata," nikamwambia. "Na wewe tumekupata."

Nilichomoa kispika sikioni mwangu nikampa. Nikarudisha video nyuma. Alisikiliza amesimama, kichwa kimegusa dari, waya umemfunga na yule dada kwa mara nyingine, na mimi nimekaa pembeni bila sauti yoyote nikiangalia viatu kwenye kioo. Alikuwa amevivaa viatu vile vile. Vilikuwa na vumbi.

Alipomaliza alisema, "Mke wangu, tangu siku ile sijamtafuta. Nakuapia kwa Mungu."

"Najua. Ndiyo inayoniuma. Ungekuwa mhuni ningekutukana, nikalia, nikapona."

Akataka kunishika. Nikarudisha kiti nyuma.

"Nakuuliza kitu kimoja, na unijibu ukweli, maana aliyenificha mambo kwa kunionea huruma ni baba, naye ameshakufa. Ulisema umekuja mwili tu. Huyo mwingine aliyebaki koridoni, alishawahi kuja kwangu? Hata siku moja?"

Angeweza kunidanganya. Nadhani hata nilimwomba kwa macho anidanganye. Duka zima lilimsubiri, hata misumari ya Mama Pacha ilikuwa imetulia kwenye vibakuli.

"Najaribu," alisema. "Kila jioni nikifika nyumbani, kabla sijagonga, nasimama pale nje. Najaribu."

Basi ndicho alichokuwa akifanya pale nje. Mimi nilidhani anakung'uta vumbi. Nilikuwa nasikia nyayo zake zikifika, halafu zinanyamaza, nami huko ndani najipaka mafuta haraka haraka, najiangalia kwenye kioo, nasema anakung'uta vumbi mume wangu, hapendi kunichafulia nyumba.

"Kinachojaribiwa ni kiatu," nikamwambia. "Mimi nina baba na mama."

Nilikosea, nilikuwa na mama tu. Ulimi bado haujazoea. Na kosa hilo ndilo lililonimwaga machozi mbele yao, mimi nisiyependa kulia mbele za watu. Mume wangu alipiga hatua moja. Dada wa kamera akanyanyuka atupishe. Nikawaambia wote wawili wakae pale pale walipo, sijamaliza kazi iliyonileta.

Nikachukua vile vispika, nikavivaa vyote viwili, na kuiendeleza video peke yangu.

Viatu vya kahawia viliondoka. Raba zikabaki kitambo, zikageuka. Kwenye kona vikaonekana viatu vyeusi vya baba, vimeng'arishwa, kimoja kamba yake imelegea kama kawaida yake. Havikusogea. Sikusikia baba akimtajia dada yale aliyoyasikia, ila nilisikia akikohoa, kisha akimuuliza, kwa sauti yake ile ya stoo, "Umekula wewe?" Akamwambia asiache kula. Kisha vigae vikaanza kukimbia, vyeusi vyeupe, na upindo wa gauni langu ukaingia, mweupe kama nini, na kando yake vile viatu vyeusi vikaja kusimama. Muziki ulikuwa unapasua masikio. Nikabana vispika kwa viganja. Sauti ya baba ilikuwa inatoka karibu kabisa na kamera.

"Mwanangu, ukifika huko ukaona si mahali pako, rudi. Rudi hata kesho. Mimi sitakuuliza, na mama yako hatakuuliza. Umenisikia?"

Na sauti ya msichana mmoja mpumbavu, mwenye furaha ya kumtosha, ikacheka na kusema, "Ndiyo, baba!"

Funguo zikalia. Mlango ukafunguka, mwanga ukamwagika kwenye vigae, na video ikakatika, maana hapo ndipo dada alipoinua kamera ili aanze kurekodi.

Niliisikiliza mara ya pili, na ya tatu. Nilimkasirikia baba. Alikuwa na korido nzima ya kuniambia, baba, akaniambia nusu. Lakini nikafikiri, angeniambia nini? Wageni wameshakaa, mama ameshalia, mimi mwenyewe ninang'aa kama taa. Ningemwambia amesikia vibaya. Ningemchukia, na kuingia ningeingia. Alichoweza kufanya ni kuniachia mlango wazi nyuma yangu, naye alijua nimeitikia bila kusikia. Lazima alijua. Alinifahamu tangu naitikia kwa kichwa nikiwa na tembe mdomoni sijaimeza.

Mama Pacha aliniwekea video kwenye flashi. Dada wa kamera, macho yamevimba, akajitolea tena kuikata, anibakizie baba peke yake, nisije nikayasikia yale mengine kila nikitaka kumsikia mzazi wangu. Nikamwambia asikate. Akikata korido atakata na funguo.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mume wangu alinifuata mpaka kwenye duka la vitambaa, akanishikia mkoba wangu kama kawaida yake, na mimi nikamwacha aushike, mpaka kwenye njia panda ambapo kushoto ni kwake na kulia ni kwetu. Hapo nikaupokea. Aliniuliza aje lini. Ilinibidi nimwangalie, maana nilijua nitauhitaji uso ule siku za mbele. Nampenda. Hata sasa ninapoeleza haya nampenda, na atakayeniuliza kwa nini nitamwonyesha mguu wangu alioushika usiku kucha.

"Siku utakayofika mzima, njoo," nikamwambia. "Ukiwa nusu, usijisumbue na safari."

Nikaenda zangu kulia, na sikugeuka, ingawa nilisikia kwamba nyayo zake hazikuondoka pale.

Mama alikuwa uani anapiga pasi, mashati ya baba, yale ambayo hayana tena wa kuyavaa. Aliniona naingia bila taarifa, uso umenivimba, mkoba mmoja, mume hayupo. Mama yangu ni mtu wa maswali. Ukichelewa dukani atakuuliza ulipita wapi, ukanyamaza atakuuliza unawaza nini. Nilijiandaa. Nilikuwa nimetunga na uongo njiani.

Aliiweka pasi wima. Akanipokea mkoba, akaupeleka chumbani kwangu kwa zamani, akarudi, akaniambia maji ya kuoga yapo jikoni. Kisha akachukua shati jingine akalinyoosha juu ya meza.

Nikasimama pale nikimsubiri. Alipiga pasi kola, akapiga mikono, akalikunja.

"Mama, huniulizi?"

"Baba yako alinikataza." Alisema akilitazama shati, si mimi. "Tuliporudi harusini, hata viatu hajavua. Akaniambia mtoto akija, fungua, usimuulize. Nikamgombeza, nikamwambia aache uchuro, mtoto ndiyo kwanza kaolewa. Akanifanya niape."

Kwenye msumari nyuma ya mlango funguo za baba zilikuwa zinaning'inia. Mama akachukua shati la mwisho, akalitandaza, na mdomo wake akaufunga, akaubana kabisa, kama mtu aliyebeba maji asiyetaka yamwagike.